Draya, pasi au mashine ya mitindo: ipi inakufaa kabla hujatoa elfu hamsini?

Msimu wa harusi ukikaribia hapa Mombasa, simu yangu haina raha. Safari hii aliyetangulia ni mtoto wa kaka yangu. Zamu yake ya chama imefika, ana shilingi 60,000 mkononi, na nikaha yake ni mwezi ujao inshaallah. "Shangazi," akaniambia, "nataka mashine ya nywele ya maana, niingie nayo nyumbani kwangu. Ninunue draya, pasi, au ile inayokunja nywele kwa upepo?"

Nilimwomba siku tatu nimjibu, kwani swali hili nina deni nalo. Siku yangu mwenyewe ya kutolewa, zaidi ya miaka 20 iliyopita, msusi alikuwa na haraka akanipitishia pasi ya nywele kabla hazijakauka. Nilisikia "chwaa", kama samaki akitiwa kwenye mafuta. Usiku ule nilipendeza, alhamdulillahi. Wiki mbili baadaye nywele za mbele zilianza kukatika, na ilinichukua karibu miaka miwili kuzirudisha. Kwa hivyo jibu nililompa yeye naliandika hapa, limfae na mwengine.

Kwanza, joto linafanya nini kwenye nywele

Unywele umejengwa na protini iitwayo keratini. Ndani yake mna vifungo vidogo vingi vinavyoshikilia umbo. Maji huvifungua, na joto huvifungua pia. Nywele zikikauka au zikipoa, vinajifunga upya katika umbo lile ulilozipa. Ndiyo maana ukilala na nywele mbichi waamka zimelala upande mmoja.

Sasa angalia tunakoishi. Hewa yetu ina unyevu, jasho liko chini ya mtandio, na vifungo vile vinafunguka tena. Nywele za kipilipili zinarudi kuwa za kipilipili, na mikunjo uliyoitengeza kwenye nywele za singa inaanguka. Hakuna mashine, hata ya laki moja, inayoushinda unyevu wa pwani. Mtindo wa joto hapa kwetu ni wa saa chache. Anayekwambia mashine fulani itakuwekea nywele wiki nzima, mwambie aje akae Mombasa mwezi wa Machi.

Jambo la pili ni nywele mbichi. Ukizibana kwa vyuma vya moto, maji yaliyomo ndani yanachemka na kugeuka mvuke, na mvuke ule unatoboa vipovu ndani ya unywele. Unywele wenye vipovu hukatika. Hicho ndicho kilichonipata mimi.

Draya

Hii ndiyo mashine ya kila siku. Mwanamke wa Kiislamu hapa pwani anaosha kichwa mara nyingi: kuna josho, kuna Ijumaa, kuna joto lenyewe. Anaoga kabla ya alfajiri, anaswali, anatayarisha watoto, na saa moja anafunga mtandio juu ya nywele mbichi akimbilie matatu. Jioni akiufungua, kichwa kinawasha na kina harufu. Wengi wetu twaona hivyo ndivyo ilivyo, na twajifariji kwamba kuziacha nywele zikauke zenyewe ni salama zaidi. Utafiti uliofanywa Korea Kusini na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba draya inayoshikwa umbali wa sentimita 15, huku ikisogezwa bila kusimama mahali pamoja, iliharibu nywele kidogo kuliko kuziacha zikauke zenyewe, kwani kukaa na maji muda mrefu nako kunadhuru.

Draya ya bei iliyosemwa sana ni Dyson Supersonic, iliyotoka mwaka 2016 kwa dola 399 nchini Marekani. Kwa kiwango cha kama shilingi 130 kwa dola, hiyo ni karibu shilingi 52,000. Unalipia nini? Mota ndogo iliyowekwa kwenye mpini badala ya kichwani, kwa hivyo mkono hauchoki haraka. Mota hiyo huzunguka hadi mara 110,000 kwa dakika. Unalipia pia kipimo kinachochunga joto wakati wote lisipande kupita kiasi. Ina ngazi nne: nyuzi 100, 80, 60, na upepo baridi wa nyuzi 28. Wenye nywele za kipilipili waulize chanuo lake la meno mapana, linauzwa kama kifaa cha kuchomeka.

Lakini nisikudanganye. Draya ya kawaida ya elfu chache, yenye kitufe cha upepo baridi na mdomo mwembamba wa kuelekeza upepo, ikishikwa mbali na kusogezwa, itakufanyia kazi hiyo hiyo kwa muda mrefu kidogo. Bei kubwa inanunua kasi, wepesi na ulinzi wa joto. Kama una nywele nyingi, au nyumbani kuna mabinti watatu wanaopokezana, tofauti utaiona.

Mashine za mitindo za upepo

Hizi ndizo zinazovuma kwenye simu za vijana. Dyson Airwrap ilitoka mwaka 2018, kuanzia dola 499, yaani karibu shilingi 65,000. Shark FlexStyle ilifuata mwaka 2022 kwa bei ya chini ya dola 300. Zote mbili zinafanya kazi kwa tabia ya upepo kuufuata ukuta uliopinda, tabia iliyopewa jina la mhandisi wa Romania, Henri Coandă. Upepo unauvuta unywele na kuuzungusha kwenye mche wenyewe, bila vyuma vya kubana. Joto lake ni la chini kuliko la pasi.

Uzuri wake ni kwamba unakausha na kutengeza kwa pamoja. Ubaya wake una sehemu mbili. Kwanza, nywele zinataka ziwe nusu kavu, si za kuchuruzika na si kavu kabisa, na hilo linahitaji mazoezi. Pili, mikunjo ya upepo ni laini, na kwenye ukumbi usio na viyoyozi haichukui muda kulegea. Kwa nywele za singa zilizo nyembamba, zinafaa. Kwa nywele za kipilipili zilizoshikana, brashi yake itazinyoosha kiasi, lakini usitarajie zilale kama zilizopigwa pasi.

Mwaka 2023 Dyson walitoa nyingine, Airstrait, yenye umbo la koleo kama pasi lakini inanyoosha kwa upepo, na imetengenezwa kutumika nywele zikiwa mbichi. Hiyo ni habari nyingine na pasi ya kawaida. Usije ukaona mtu akiipitisha kwenye nywele mbichi, nawe ukachukua pasi yako ya vyuma ukaiga.

Pasi ya nywele

Bibi zetu walikuwa na kitana cha moto juu ya seredani; pasi ni mtoto wake. Jina linalojulikana zaidi katika za ghali ni ghd, kampuni iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2001. Wao walishikilia joto moja la nyuzi 185, wakisema hapo nywele zinashika umbo bila kuungua. Pasi nyingi za bei nafuu zinapanda hadi nyuzi 230. Hiyo si sifa. Ukipita nyuzi 200, uharibifu unaongezeka sana. Nywele nyembamba, au zilizotiwa rangi, zianzie nyuzi 150.

Dyson nao walikuwa na Corrale, ya mwaka 2020, isiyo na waya. Betri yake ilidumu kama dakika 30, na kuichaji kulichukua dakika 70. Kwa nywele nyingi, hiyo nusu saa inaisha hujafika nyuma.

Pasi ndiyo inayonyoosha kuliko zote, na ndiyo yenye hatari kuliko zote. Nywele ziwe kavu kabisa. Zisiwe zimepakwa mafuta ya nazi wakati ule, kwani mafuta nayo yanapata moto. Pitisha mara moja, mbili ukizidi, na usirudie kila siku.

Volti: hapa ndipo pesa zinapoungulia

Umeme wetu Kenya ni volti 240. Wa Marekani ni volti 120. Mashine ya joto iliyotengenezewa volti 120 ukiichomeka hapa, inapokea nguvu mara nne ya inayoistahimili. Dadangu aliyeko Marekani aliniletea pasi nzuri, zawadi ya Idi. Nilinunua kichwa cha kubadilisha soketi kwa shilingi mia moja, nikachomeka. Ilitoa moshi kabla sijaigusa. Kampuni haina lawama, kosa lilikuwa langu: kile kichwa kinabadilisha umbo la pini tu, hakibadilishi umeme.

Kwa hivyo soma kibandiko. Kikisema 220–240, ni yetu. Kikisema 100–240, inafaa kote, na baadhi ya pasi ziko hivyo. Kikisema 120 peke yake, mwambie aliyeko Ohio au Minnesota airudishe dukani. Za Dubai na Muscat hazina shida hii: umeme wao ni wa kiwango kama chetu na soketi zao ni za pini tatu kama zetu. Na kama mashine ina betri, msafiri aiweke kwenye mkoba wa mkononi, asiitie kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege.

Stima, warantii na bandia

Draya ya wati 1,600 ikitumika dakika 15 inakula yuniti 0.4 ya stima, yaani ukiitumia mara tano umemaliza yuniti mbili za tokeni. Si nyingi, lakini wenye mabinti watatu wapige hesabu.

Bandia zimejaa, kwani umbo la mashine hizi ni rahisi kuiga na kilicho ndani hakionekani. Draya inayouzwa elfu sita kwa jina la ile ya elfu hamsini si bahati yako, ni bandia. Taka nambari ya mashine, iingize kwenye tovuti ya kampuni kabla hujalipa, na chukua risiti. Uliza warantii inatambuliwa nchi gani, maana mara nyingi hufungwa na nchi iliyonunuliwa. Wahenga wamesema rahisi huvunja upishi.

Hesabu niliyompa mpwa wangu

Nilimkalisha na kalamu. Draya ya shilingi 52,000, ukiitumia mara tatu kwa wiki kwa miaka minne, umeitumia mara 624. Kila mara ni kama shilingi 83. Mashine ya mitindo ya shilingi 65,000, ukiitoa sandukuni kwa harusi kumi kwa mwaka, kwa miaka hiyo hiyo minne ni mara 40. Kila mara ni shilingi 1,625, na bado mikunjo itaanguka kabla ya pilau. Israfu si lazima iwe kwa vitu vibaya. Hata kitu kizuri kinachokaa sandukuni ni israfu.

Kwa hivyo rai yangu ni hii. Mwenye kuosha nywele mara kwa mara na kufunga mtandio kila siku, anunue draya kwanza, ya ghali kama anaweza, ya kawaida kama hawezi. Mwenye nywele za singa anayependa kuzitengeza mwenyewe kila wiki, mashine ya upepo itamlipa. Anayetaka nywele zinyooke kabisa, awe na pasi yenye kudhibiti joto, na draya ya kuzikausha kabla yake. Na anayetaka kupendeza kwa siku moja, asinunue chochote. Amlipe fundi, fundi ana mashine zake.

Mpwa wangu amechagua draya. Shemeji yake aliyeko Dubai alinitumia picha ya kibandiko nikaisoma mwenyewe: 220–240. Siku ya harusi atatengezwa na fundi wa saluni, na zilizobaki za chama zitaingia kwenye udi na asumini.

Nimempa sharti moja tu. Fundi akishika pasi, kwanza aingize vidole kwenye mashina ya nywele. Zikiwa na ubaridi bado zina maji, na hapo asubiri, hata kama maulidi yameshaanza na watu wanamwita biharusi.