Kipima Joto Kilichonyamaza Bwawani

Somo hili lilisemwa kwanza katika redio, na sasa limepigwa chapa ili ulisome mwenyewe, polepole, pamoja na wenzako darasani. Shika penseli. Kila uonapo mwaka, uandike pembeni, maana mwishoni nitakuuliza maswali.

Leo tunasoma historia. Lakini historia yetu haianzi kwa mfalme wala kwa vita. Inaanza kwenye bwawa la kuogelea.

Fikiri habari ya mtu ambaye kazi yake ni kutunza bwawa la hoteli. Kila asubuhi meneja humwuliza, "Maji yana joto kiasi gani?" Katika bwawa kinaelea kipima joto kidogo cha plastiki. Hakina waya wa kukiunganisha na ofisi. Hupeleka habari kwa mawimbi ya redio, na ofisini kuna chombo kingine kinachopokea habari hizo na kuonyesha hesabu ya joto. Siku ya kwanza chombo kilionyesha digrii 28. Siku ya pili hesabu ilikuja na kupotea. Siku ya tatu vikaonekana vistari vitupu. Meneja akasema, "Umekiharibu. Bei yake nitaikata katika mshahara wako."

Je, wewe ungejiteteaje? Mtu asiyejua sababu hunyamaza, na anayenyamaza huhesabiwa kuwa ana kosa. Lakini ukijua jinsi watu walivyohangaika na mawimbi ya redio na maji kwa zaidi ya miaka mia moja, utakuwa na la kujibu. Basi tusafiri nyuma kidogo.

BATI HURUDISHA, UBAO HUPITISHA

Wazee wetu waliiita redio ya kupelekea habari "simu ya upepo". Ni jina zuri, lakini si upepo unaochukua habari. Habari huchukuliwa na mawimbi ya umeme na sumaku, ambayo macho hayayaoni na ngozi haiyasikii.

Mtu wa kwanza kuyathibitisha mawimbi hayo kwa majaribio alikuwa Heinrich Hertz, mwalimu wa sayansi katika mji wa Karlsruhe, nchi ya Ujerumani. Alifanya kazi hiyo katika miaka ya 1886 mpaka 1888. Alirusha cheche za umeme upande mmoja wa chumba, na upande wa pili akaweka pete ya waya yenye nafasi ndogo sana iliyoachwa wazi. Cheche iliporuka huku, cheche ndogo ilionekana kule, wala hapakuwa na waya katikati.

Hertz aligundua mambo mawili ambayo yatatufaa leo. Mawimbi yalipogonga bati la zinki yalirudi, kama mpira unavyorudi ukutani. Yalipokuta mlango wa ubao yalipita. Shika maneno haya: bati hurudisha, ubao hupitisha.

SIKU MBILI ZA KIMYA

Miaka michache baadaye alitokea kijana wa Kiitalia, Guglielmo Marconi. Mwezi wa Mei 1897, akiwa na umri wa miaka 23, alijaribu kupeleka habari juu ya maji. Chombo cha kupeleka kiliwekwa katika kisiwa kidogo kiitwacho Flat Holm. Chombo cha kupokea kiliwekwa ng'ambo, penye mwamba wa Lavernock katika pwani ya Wales. Kati yao ulikuwa mkono wa bahari wenye upana wa kilometa tano na zaidi.

Kwa siku mbili hapakusikika neno la maana. Wengine wangefunga mizigo na kurudi nyumbani. Lakini siku ya tatu walikichukua chombo cha kupokea, wakakishusha mpaka ufukweni chini ya mwamba, wakauongeza waya uliotoka juu ya mlingoti. Sasa waya wote, kutoka kileleni mpaka chini, ulikuwa na urefu wa mita 45 hivi. Mara habari zikasikika wazi.

Angalia vizuri, ndugu msomaji. Vyombo vilikuwa ni vile vile. Bahari ilikuwa ni ile ile. Waya tu ndio uliobadilika. Waya huo ndio tunaouita eriali: ni mdomo wa chombo kinachosema, na ni sikio la chombo kinachosikia.

Mnamo tarehe 12 Desemba 1901 Marconi alisema amesikia, huko Newfoundland, ishara zilizotumwa kutoka Poldhu, Uingereza. Huo ni mwendo wa kilometa 3,400 hivi juu ya bahari ya Atlantiki. Siku hiyo eriali yake ya kupokelea iliinuliwa angani kwa tiara, kama ile wanayorusha watoto.

Hapo watu wakaona kuwa bahari ni rafiki wa redio. Ni kweli, mawimbi husafiri vizuri juu ya uso wa bahari. Lakini juu ya maji si ndani ya maji. Jambo hili lilikuja kuwagharimu watu roho zao.

MAJI HUMEZA

Kwa nini mawimbi hayapiti ndani ya maji kwa urahisi? Sababu ni mbili. Ya kwanza, uso wa maji ni kama kioo: mawimbi mengi yanayotoka chini hugonga uso huo na kurudishwa chini tena. Ya pili, katika maji mna chumvi na madawa yaliyoyeyuka, na maji ya namna hiyo hupitisha umeme. Wimbi likiingia humo nguvu yake hutumika kusukuma umeme huo, ikageuka kuwa joto kidogo sana, ikaisha. Maji yakizidi chumvi, humeza upesi zaidi. Na mawimbi mafupi humezwa upesi kuliko mawimbi marefu.

Waya uliokingwa vizuri hauna shida hiyo. Mwaka 1879, kabla ya majaribio ya Hertz, waya wa simu uliolazwa chini ya bahari ulifika Unguja kutoka Aden, na habari zikapita humo. Lakini nyambizi, yaani meli ya vita iendayo chini ya maji, haiwezi kuvuta waya mpaka nyumbani kwao.

Katika vita kuu ya pili, 1939 mpaka 1945, nyambizi za Kijerumani zilipotaka kusema zilipaswa kupanda juu. Zilipopanda na kusema, adui alisikia, akapima sauti inatoka upande gani, akaja na meli na ndege. Mabaharia wengi walikufa kwa sababu hiyo.

Ili nyambizi zipate walau kusikia amri zikiwa zimezama, mwaka 1943 Wajerumani walimaliza kujenga mtambo mkubwa karibu na mji wa Kalbe. Waliuita Goliath, kwa jina la lile jitu la zamani. Nguvu yake ilikuwa kilowati 1,000, na eriali yake ilishikwa na milingoti yenye kimo cha mita 200 hivi. Wimbi lake moja lilikuwa na urefu wa zaidi ya kilometa kumi! Pamoja na ukubwa huo wote, sauti yake haikuzama mbali chini ya uso wa bahari. Nyambizi nayo haikuweza kujibu, maana haiwezi kubeba mtambo kama huo.

Sasa tazama kipima joto cha bwawani. Nguvu yake ni ya betri moja au mbili ndogo. Wimbi lake lina urefu wa sentimita 70 hivi, au ni fupi zaidi. Ikiwa Goliath aliona taabu majini, mtoto huyu atafanya nini?

VIPIMA JOTO VINAVYOSEMA

Kupeleka hesabu ya joto kwa redio si jambo geni. Mwaka 1929 Mfaransa Robert Bureau alirusha puto lenye vyombo vya kupima hewa na redio ndogo. Tarehe 30 Januari 1930 Mrusi Pavel Molchanov alifanya hivyo pia, huko Pavlovsk karibu na Leningrad, mji uitwao leo St. Petersburg. Puto lilipaa, na mtu aliyekaa chini akaandika joto la mawinguni. Hewa haikumeza sauti yake.

Kupima joto la bahari ndiko kulikokuwa na kazi, na haja yake ilikuwa kubwa. Katika miaka ya 1982 na 1983 bahari ya Pasifiki ilipata joto lisilo la kawaida, ile hali iitwayo El Niño. Wataalamu walichelewa kuitambua, na nchi nyingi zikapata hasara. Basi mataifa kadhaa yakashirikiana kuweka maboya karibu 70 katika Pasifiki, kando ya ikweta. Kazi hiyo ilikamilika mwaka 1994.

Maboya hayo yalitengenezwaje? Vipima joto viliwekwa kwenye waya ulioshuka mpaka mita 500 chini ya maji. Habari zilipanda kwa waya mpaka kwenye boya. Redio na eriali zilikaa juu ya boya, katika hewa, na kutoka hapo habari zikarushwa kwenye satelaiti. Kwa maneno mengine, kipimo kiko majini, mdomo uko juu.

Mwaka 1997 maboya yalionyesha mapema kwamba joto linapanda tena. Bahari ya Hindi nayo ilipata joto la ajabu. Kuanzia Oktoba 1997 mpaka mwanzo wa 1998 mvua kubwa zilinyesha Afrika Mashariki. Mafuriko yalibomoa madaraja, yakakata barabara na kuua watu. Tangu hapo jina la El Niño halina haja ya kufasiriwa kwetu.

Lakini hata chombo kilichotengenezwa vizuri hunyamaza kisipotunzwa. Mwaka 2012 meli iliyokuwa ikiyatunza maboya mengi ya Pasifiki iliondolewa kazini ili kupunguza gharama. Mapema mwaka 2014 habari zilizofika zilikuwa kiasi cha asilimia 40 tu. Baadaye mwaka huo yalifanyiwa matengenezo, na nyingi zikarudi. Safari hii kosa halikuwa la maji. Lilikuwa la kutotunza.

TURUDI BWAWANI

Sasa tumsaidie mtunza bwawa wetu. Asikimbilie kununua chombo kipya, wala meneja asikimbilie kukata mshahara. Kuuliza si ujinga, basi tukiulize chombo chenyewe, hatua kwa hatua.

Kwanza, kitoe majini, kifute, kiweke juu ya meza mita mbili tatu kutoka kwa chombo cha kupokea. Ngoja dakika kumi. Hesabu ikionekana wazi, chombo ni kizima, na taabu iko njiani. Hili ndilo jaribio kubwa kuliko yote, na halina gharama.

Pili, ikiwa hakisemi hata mezani, tazama betri. Weka mpya za aina ile ile. Vyombo vingi vya namna hii husahauliana betri zikitolewa, na lazima vitambulishwe upya. Namna ya kuvitambulisha imeandikwa katika karatasi ya maelezo. Hapo ndipo kusoma kwako kunapolipa.

Tatu, tazama kama maji yameingia ndani. Ukiona ukungu au matone chini ya kifuniko, kikaushe vizuri na utazame mpira wa kuzuia maji. Matone machache yakifika kwenye eriali au mitambo ya ndani, sauti hudhoofika au hukatika.

Nne, kiangalie kinavyoelea. Kichwa chake, ambamo mara nyingi ndimo eriali ilimo, kiwe juu ya maji. Kikilala ubavu, au kamba yake ikikivuta chini, mdomo wake umezibwa.

Tano, simama bwawani utazame upande wa ofisi. Kuna nini katikati? Uzio wa chuma? Paa la bati lililoshuka chini? Ukuta wa zege wenye nondo? Kumbuka Hertz. Sogeza chombo cha kupokea mpaka dirishani, kiinue juu ya kabati, kitenge na friji na vyombo vingine vya umeme. Kumbuka pia kwamba uso wa maji ukiwa chini sana ya ukingo, ukingo wenyewe huwa ukuta.

Sita, ikiwa bado ni taabu, fuata mfano wa maboya. Kuna vipima joto ambavyo kipimo chake huning'inia majini kwa waya, na boksi la redio hufungwa kwenye nguzo kavu. Hiyo ndiyo dawa ya uhakika.

Mtunza bwawa akifanya hayo mbele ya meneja, neno "umekiharibu" litakuwa na jibu. Atasema, "Bwana, mezani kinasema. Tukiinue au tukitafutie njia." Huo ndio utetezi wa mtu ajuaye kazi yake.

MASWALI

1. Marconi na wenzake walibadilisha nini mwaka 1897 baada ya siku mbili za kimya?
2. Kwa nini Goliath alikuwa na mawimbi marefu sana?
3. Katika maboya ya Pasifiki, kipimo kilikuwa wapi, na eriali ilikuwa wapi?
4. Mwaka 2014 habari za maboya zilipungua. Kosa lilikuwa la maji au la watu? Eleza.
5. Kazi ya nyumbani: washa redio ndogo, uifunike kwa sufuria ya bati, kisha kwa sanduku la ubao. Andika sentensi tatu juu ya ulivyosikia.

Kwaheri, ndugu msomaji, mpaka somo lijalo.