Kuchukua umbo la mwili kwa POP: anza na mkono, ila usiuzamishe kwenye ndoo ya plasta

Mkono wa mtoto mchanga, tumbo la mama mjamzito, uso wa babu. Siku hizi watu wanataka sanamu iliyotoka kwenye mwili wenyewe, hadi mistari ya kiganja ionekane.

Kazi hii haihitaji patasi. Mchongaji wa Kimakonde anapunguza mpingo mpaka umbo litokee. Hapa unafunika mwili kwa kitu kinachoganda, unakitoa kikiwa kalibu, kisha unamimina plasta ndani ya nafasi iliyobaki.

Mtu anaweza kujifunza hatua za kwanza kwa siku moja. Lakini kuna kosa moja linaloweza kukuachia kilema cha maisha, kwa hiyo tuanze nalo.

Kwa nini plasta inaunguza?

Plasta, ambayo wengi tunaiita POP, inatokana na jasi, mwamba laini kama ule unaochimbwa Makanya, wilayani Same. Jasi ikipashwa moto wa nyuzi 150 hivi inapoteza sehemu kubwa ya maji yake na kuwa unga.

Ukirudishia maji, unga unageuka tena kuwa jiwe. Wakati huo joto linatoka.

Kwenye safu nyembamba, kama bendeji ya hospitali, joto linapotea hewani na ngozi inasikia uvuguvugu tu. Kwenye ndoo nzima joto linafungiwa ndani na linaweza kufika nyuzi 60. Ngozi inaungua vibaya kwa sekunde chache, na wakati huo plasta imeshakaza, huwezi kuchomoa mkono.

Hili si jambo la kufikirika. Januari 2007, mashariki mwa Uingereza, msichana wa miaka 16 alitumbukiza mikono kwenye ndoo ya plasta katika somo la sanaa shuleni. Ilipoganda alishindwa kuitoa. Aliungua kiasi kwamba madaktari walimkata vidole, akabakiwa na viwili tu. Mwaka 2009 shule ilitozwa faini mahakamani.

Kanuni ni hii: plasta ya kumimina haigusi ngozi. Kinachogusa ngozi ni alijinati au bendeji za POP zilizowekwa kwa safu chache.

Alijinati ni nini?

Ni unga unaochanganywa na maji baridi ukawa kama uji mzito, halafu ukaganda kama mpira laini. Ukiwahi kung'atishwa kibao chenye ute kwa daktari wa meno ili achukue umbo la meno yako, basi unaifahamu. Inapatikana kwenye maduka ya vifaa vya meno.

Inatengenezwa kwa mwani wa kahawia. Mwani unaolimwa Zanzibar ni wa jamii nyingine, ule mwekundu, na unatoa karajinani. Kwa hiyo usijaribu kusaga mwani wa Paje ukitegemea upate kitu hichohicho.

Alijinati ya meno inaganda haraka, ndani ya dakika 1 hadi 3. Ya kazi za sanaa inakupa muda zaidi. Maji yakiwa ya baridi inachelewa, yakiwa ya moto inawahi.

Mkono wa kwanza, hatua kwa hatua

1. Vua pete, saa na bangili. Paka mafuta ya mgando kidogo kwenye vinyweleo.

2. Tafuta chombo chembamba kinachotosha mkono bila kugusa kingo wala kitako. Kipana sana kitakula unga bure.

3. Fanyeni mazoezi ya mkao kwanza, chombo kikiwa kitupu. Unga ukishakutana na maji hakuna muda wa kujadiliana.

4. Changanya alijinati kwa kipimo cha kwenye pakiti. Koroga haraka mpaka mabonge yaishe.

5. Ingiza mkono, chezesha vidole kidogo ili mapovu yatoke, kisha tulia kabisa.

6. Bonyeza juu kwa kidole cha mkono mwingine. Kikitoka kikavu, imeganda. Tikisa vidole taratibu ili hewa ipenye, halafu vuta polepole.

7. Sasa ndiyo plasta. Weka maji kwanza, nyunyizia unga juu yake, uache uzame kwa dakika moja au mbili, kisha koroga taratibu bila kupiga povu. Kipimo cha kawaida ni maji gramu 700 kwa kilo 1 ya unga. Koroga kwa kijiti, si kwa mkono.

8. Mimina kidogo, zungusha chombo ili plasta ifike kwenye ncha za vidole, gongagonga, halafu jaza.

9. Subiri plasta ipate moto kisha ipoe kabisa, saa moja au zaidi. Toa kwenye chombo na umenye alijinati taratibu. Vidole ndivyo huvunjika kwanza.

Usiache kalibu ya alijinati mpaka kesho. Ina maji mengi, na ikikauka inasinyaa na mkono unatoka mdogo na uliopinda. Kalibu moja kwa kawaida inatoa sanamu moja.

Tumbo, mgongo na kifua

Hapa hutumii ndoo, unatumia bendeji za POP. Daktari wa jeshi la Uholanzi, Antonius Mathijsen, alizibuni mwaka 1851 kwa ajili ya mifupa iliyovunjika. Zilihamia kwenye sanaa baadaye. Mwaka 1961 Mmarekani George Segal alianza kufunika watu kwa bendeji hizo na kuwageuza kuwa sanamu nyeupe za ukubwa wa binadamu, zilizokaa mezani au kusimama kama wapita njia.

Paka mafuta ya mgando mwili mzima unaofunikwa. Penye nywele nyingi tandika nailoni ya kufungia chakula. Kata bendeji vipande, chovya kwenye maji ya vuguvugu, kamua kidogo, weka vikipandana. Safu tatu au nne zinatosha. Baada ya dakika 15 hadi 20 mwambie mtu avute pumzi, ajitikise, na ganda litaachia lenyewe.

Mambo matatu usiyapuuze:

- Usizungushe bendeji mkono, mguu au kiwiliwili mzunguko mzima. Chukua upande wa mbele, kisha wa nyuma. Ukifunga mzunguko utahitaji msumeno kumtoa mtu.
- Mtu akisimama bila kusogea kwa muda mrefu anaweza kuzimia. Mkalishe, hasa mama mjamzito, na muwe na mtu wa tatu karibu.
- Akisema panawaka au anajisikia vibaya, toa hapohapo. Bendeji zinanunulika tena.

Uso uwe wa mwisho

Mwaka 1860, mjini Chicago, mchongaji Leonard Volk alichukua umbo la uso wa Abraham Lincoln kwa plasta, miezi michache kabla hajachaguliwa kuwa rais. Ganda lilishika. Lincoln alilivuta mwenyewe, likang'oa nywele za pembeni na kumtoa machozi. Baadaye Volk alichukua pia umbo la mikono yake, na ule wa kulia ulionekana umevimba kwa kupeana mikono na waliokuja kumpongeza. Kalibu haifichi kitu.

Anayeanza asijaribu uso bila kusimamiwa na anayeijua kazi. Mambo ya msingi ni haya: matundu ya pua yabaki wazi muda wote, bila kuyaziba na kutegemea mirija, kwa sababu mrija ukigongwa unaumiza na unaziba. Nyusi na kope zipakwe mafuta mengi. Lenzi za macho zitolewe. Kwa kuwa hawezi kusema, mkubaliane ishara ya mkono yenye maana ya "toa sasa".

Mwenye mafua, pumu au hofu ya kufunikwa asifanyiwe. Mtoto mdogo mchukue mkono au mguu tu, tena kwa alijinati.

Baada ya kazi

Vaa barakoa unapopima unga, vumbi lake halifai kwenye mapafu. Plasta iliyobaki usimwage kwenye sinki wala chooni, itaganda ndani ya bomba. Iache ikauke kwenye ndoo ya plastiki, igonge, uitupe na taka.

Sanamu ikauke siku kadhaa kwenye hewa kabla ya kupaka rangi. Matobo madogo ya mapovu yanazibwa kwa plasta laini na kusuguliwa kwa msasa.

Je, huu ni usanii au kunakili tu?

Swali ni la zamani. Mwaka 1877 Auguste Rodin alishutumiwa kwamba sanamu yake ya kijana aliye uchi aliichukua kwenye mwili wa mtu hai, na ilibidi ahangaike kujisafisha. Leo Mwingereza Antony Gormley anafanya hivyo waziwazi, kwa mwili wake mwenyewe. Kazi yake ya 1997, yenye watu 100 wa chuma wanaotazama bahari, sasa iko ufukwe wa Crosby karibu na Liverpool.

Alichoongeza ni mahali pa kuwasimamisha na sababu ya kuwasimamisha hapo. Hiyo ndiyo sehemu ambayo kalibu haikufanyii. Amua kwanza unataka mkono huo useme nini: umeshika jembe, umeshikana na wa mama yako, au umefunguka mtupu. Kisha ndiyo uchanganye unga.