Epulu, mahali wageni walilala

Jamaa mliohama makwenu: Ituri haina bahari, lakini wasafiri walipumzika kandokando ya mto Epulu tangu miaka ya 1930. Mmarekani Patrick Putnam alijenga kambi pale, kwenye barabara ya Stanleyville (leo Kisangani) kwenda Irumu. Alikuwa na vyumba vya wageni na zahanati. Wambuti ndio waliowaingiza wageni porini. Bila wao, nani angeona kitu? Putnam alifariki 1953.

Mwaka 1952 kilifunguliwa kituo cha kukamata okapi, na watu wakaanza kusimama kwa ajili ya huyo mnyama. Hifadhi iliundwa 1992, UNESCO ikaiandika urithi wa dunia 1996.

Halafu tarehe 24 Juni 2012, Mai-Mai Simba wa Morgan walivamia. Watu waliuawa, walinzi wakiwemo. Wengi walikimbilia msituni. Okapi 14 wa kituo, hakupona hata mmoja.

Anayepita leo aulize kwanza Mambasa hali ya barabara, afike Epulu mchana, asimame darajani atazame maji. Na kama kambini kwenu yuko mzee wa Epulu, mkalisheni awaeleze watoto.