Kutoka Dirisha la Mtunza Fedha hadi Dirisha la Dawa

Katika kuadhimisha miaka 10 ya Chama chetu Kikuu, wengi wamependa kusoma habari za mazao na bei zake. Habari hizo zimo katika kurasa nyingine za kitabu hiki. Sisi twataka kueleza habari za nyumba moja isiyo na mtu, nayo ni ile ofisi ya zamani tuliyoirithi kwa chama kilichotutangulia, ambayo milango yake imefungwa na popo wamefanya makao darini. Mkutano Mkuu ujao utaulizwa: je, nyumba hii iuzwe, au igeuzwe kuwa zahanati ya wanachama? Kabla ya kuinua mikono yafaa tujue jinsi nyumba za namna hii zilivyokuja kuwa tupu, na jinsi watu wa zamani walivyojipatia matibabu kwa mali yao wenyewe.

Sheria ya vyama vya ushirika ya Tanganyika ilitungwa mwaka 1932, na Chama Kikuu cha Kilimanjaro, KNCU, kikaanzishwa mwaka 1933. Kwa zaidi ya miaka 40 vyama vikuu vilijenga ofisi na maghala kwa senti zilizokatwa katika mazao ya wakulima. Ndipo mwezi wa Mei 1976 Serikali ikavivunja vyama vikuu vyote, na kazi ya kununua mazao ikakabidhiwa kwa mamlaka za mazao. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha vyama vikuu, lakini dari iliyooza hairudishwi kwa sheria.

Hata hivyo, mtu aliyekuwa na nyumba tupu katika miaka ile asingeweza kuigeuza zahanati kwa urahisi. Mwaka 1977 ilipitishwa sheria ya kusimamia hospitali za binafsi, nayo ilikataza matibabu ya kutafuta faida. Walioruhusiwa kuendelea ni mashirika yaliyokubaliwa na Serikali, hasa yale ya dini. Sheria hiyo ilirekebishwa mwaka 1991, na waganga wenye sifa wakaruhusiwa tena kufungua zahanati zao kwa kibali cha Wizara. Tangu hapo tumeona katika miji yetu nyumba zilizokuwa maduka na ofisi zikitundikiwa vibao vya matibabu. Nyingine zafanya kazi njema. Nyingine, tuseme kweli, ni kibao tu.

Mfano wa zamani zaidi tunaoupenda uko Unguja, katika barabara ya Mizingani, mkabala na bandari. Mwaka 1887 tajiri Tharia Topan alianza kujenga pale nyumba kubwa ya matibabu kwa maskini, ukumbusho wa miaka 50 ya utawala wa Malkia Victoria. Alifariki mwaka 1891 bila kuiona imekwisha. Ikakamilika mwaka 1894. Nyumba ilikuwa na roshani za mbao zilizochongwa kwa ustadi mkubwa, lakini roshani hazimlipi mganga mshahara. Mwaka 1900 ikauzwa, na wenyewe wapya wakaitumia kwa akili nyingine: chini pakawa zahanati, na ghorofa za juu zikagawanywa kuwa makazi ya watu. Hivyo ndivyo ilivyohudumia wagonjwa kwa miaka mingi, mpaka ilipoachwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Katika miaka ya 1990 ilitengenezwa upya, ingawa si kwa matibabu tena. Hata hivyo bado huitwa Zahanati ya Kale. Mpango ule wa mwaka 1900 twaona wafaa kwetu. Ofisi yetu ina vyumba vingi kuliko mahitaji ya zahanati. Vyumba vya mbele, vinavyotazama barabara, vyaweza kupangishwa kwa wenye maduka.

Mfano wa pili ni wa mbali, lakini ni wa wakulima kama sisi. Huko Elk City, katika jimbo la Oklahoma, Marekani, daktari mmoja mzaliwa wa Lebanon, Michael Shadid, aliwashauri wakulima mwaka 1929 wanunue hisa za dola 50 kila mmoja ili wawe na hospitali yao ya ushirika. Hospitali ilifunguliwa mwaka 1931, wakati wa dhiki kuu ya uchumi. Wao walijenga upya, hawakugeuza nyumba ya zamani, lakini shida yao haikuwa matofali. Madaktari wenzake walimpinga vikali, hata wakakivunja chama chao cha wilaya na kukiunda tena bila yeye. Wakulima hawakumwacha, hospitali ilikuwa mali yao.

Sasa turudi kwenye nyumba yetu. Dirisha la mtunza fedha, lenye nondo zake, litakuwa dirisha la kutolea dawa. Chumba cha hazina, chenye mlango wa chuma na funguo mbili, ni stoo ya dawa iliyo tayari. Lakini milango ya ndani ni myembamba, machela haipiti. Sakafu imepasuka, wala haioshwi ikatakata. Na katika nyumba nzima pana bomba moja la maji, ambapo kila chumba cha mganga chahitaji beseni la kunawia. Pia lazima pawe na vyoo vya wagonjwa, na tanuri la kuchomea taka.

Zaidi ya hayo yote ni fedha za kila mwezi. Mkulima hupata fedha wakati wa mavuno, na homa humjia wakati wa masika, mfuko ukiwa mtupu. Ndiyo maana Mfuko wa Afya ya Jamii, uliojaribiwa Igunga katikati ya miaka ya 1990 na kuwekewa sheria mwaka 2001, ulitaka kaya ilipe mchango kabla ya ugonjwa. Halmashauri yapendekeza mchango wa zahanati ukatwe penye mizani, siku ya kuuza. Wako wanaonung'unika kwamba makato yamekwisha kuwa mengi, na manung'uniko yao yana haki ya kusikilizwa mkutanoni.

Fundi ameagizwa apande darini kwanza. Taarifa yake itasomwa kabla ya kura.