Ngoma Zilizokosa Wapigaji: Habari za Usukuma na Busoga

Katika Kisukuma, jamaa wa ukoo wa utawala waliomchagua mtemi na kumshauri waliitwa banang'oma, yaani watoto wa ngoma. Jina hilo latosha kuonyesha kwamba ngoma haikuwa chombo cha kuchezea tu. Ilikuwa alama ya utawala wenyewe. Ngoma ya mtemi haikupigwa ovyo, wala si kila mkono ulioruhusiwa kuigusa.

Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika iliuondoa utemi kwa sheria. Mikono ya wapigaji haikupooza siku ile, wala ngozi za ngoma hazikupasuka. Walakini, alipokosekana mtemi, ilikosekana pia sababu ya kupiga. Mpigaji anayepatwa na maradhi hukataliwa na mwili wake. Hawa mwili uliwakubali, bali kazi ndiyo iliyowatoka.

Watu wa Usukuma waliukabili msiba huo kwa njia mbili. Ya kwanza ni hifadhi. Huko Bujora, Kisesa, katika wilaya ya Magu, padri David Clement kutoka Kanada alikuwa amekwisha kuanza katika miaka ya 1950 kukusanya vitu vya Wasukuma. Ngoma za watemi zikapata makao katika jumba lililojengwa kwa mfano wa kiti cha enzi. Ya pili ni mashindano ya vyama vya Bagika na Bagalu, ambavyo asili yake ni waganga wawili washindani wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Vyama hivyo havikusimama juu ya kiti cha mtemi, kwa hiyo havikuanguka pamoja nacho. Kila Juni, katika sikukuu ya Bulabo, huchezwa hapo hapo Bujora.

Ng'ambo ya ziwa, huko Busoga, mambo yalikwenda kinyume. Falme za Uganda zilifutwa mwaka 1967, na Kyabazinga wa Busoga akarudishwa mwaka 1995. Cheo kikarudi, lakini mikono ilikuwa imepungua. Bigwala, baragumu za vibuyu zilizopigwa katika sherehe na mazishi ya wafalme, huwa tano au zaidi, na kila moja hutoa sauti moja tu. Mpigaji aliyefiwa na wenzake hawezi kuutoa wimbo, ajapokuwa hodari. UNESCO ilipoziandika mwaka 2012 miongoni mwa urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka, mafundi wazee waliosalia walikuwa wanne tu. Dawa ikawa moja: kuwafundisha vijana.

Basi, kupiga kwahitaji mambo matatu: chombo, mkono na shughuli. Jumba la makumbusho huweza kulinda la kwanza. La pili hulindwa kwa kufundishana wazee wangali hai, na la tatu kwa watu kukutana na kucheza.