Somo la kuacha: Hesabu ya chuo kikuu inayoanzia kidato cha tatu

MWANAFUNZI wa shule ya kata wilayani Handeni anayefunga daftari lake la fizikia baada ya mtihani wa kidato cha pili huwa bado mtoto wa miaka 15 au 16. Chuo kikuu kiko mbele yake kwa miaka minne, na pengine hajawahi kukiona. Hata hivyo, siku hiyo amekwisha kujiondoa katika safari ya udaktari na uhandisi, na mara nyingi hakuna aliyemweleza hivyo.

Kwa miaka mingi utaratibu wa sekondari nchini umemruhusu mwanafunzi kuacha fizikia na kemia aingiapo kidato cha tatu. Hisabati, baiolojia, Kiswahili, Kiingereza, jiografia, historia na uraia yalibaki kuwa masomo ya lazima. Wanafunzi wengi wanaojaza maombi ya vyuo vikuu leo wamepita katika njia hiyo.

Si haki kuwatuhumu wote kwa uvivu. Shule za kata zilizojengwa kwa wingi kuanzia mwaka 2004, chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, nyingi zilifunguliwa zikiwa na madarasa bila maabara. Agizo la Rais Jakaya Kikwete la kila shule ya kata kuwa na maabara tatu lilizihangaisha halmashauri hadi mwaka 2015. Majengo yalipatikana kwa jasho na michango ya wananchi, lakini chumba chenye meza ndefu bila mwalimu wa fizikia hakimfundishi mtu umeme wala mwanga. Mwanafunzi wa shule kama hiyo haachi somo, bali somo ndilo lililomwacha.

Hatua ya pili ya kuchagua huja baada ya matokeo ya kidato cha nne, anapopangiwa masomo matatu ya tahasusi. Machi 2024 Serikali ilitangaza tahasusi mpya 49, na idadi ikapanda kutoka 16 hadi 65. Orodha imerefuka, ila si kila shule inafundisha kila tahasusi. Kijana wa Handeni anayetaka kubadili masomo aliyopangiwa hulazimika mara nyingi kuomba kuhamia shule nyingine, iwe Korogwe, iwe mkoa wa mbali, na wiki zinazopotea katika barua za uhamisho hazirudi.

Kosa la gharama kubwa zaidi huwangoja walio tayari kidato cha tano na cha sita, na chanzo chake ni kusoma kanuni nusunusu. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) inamtaka mwombaji wa shahada ya kwanza aliyehitimu kidato cha sita awe na ufaulu mkuu, yaani daraja A hadi E, katika masomo mawili yenye jumla ya pointi zisizopungua nne. Kwa waliohitimu kuanzia mwaka 2016, A ni pointi tano, B nne, C tatu, D mbili, E moja na S nusu pointi. Wapo wanaolisikia neno “mawili” wakahitimisha kwamba la tatu ni la kusindikiza, hivyo wakalitelekeza hata kabla ya mtihani.

Kanuni hiyo ina maneno mengine yanayorukwa: masomo hayo mawili ni yale yanayoongoza udahili wa shahada inayoombwa. Hayachaguliwi na mwanafunzi. Kwa udaktari wa binadamu, kiwango cha chini ni ufaulu katika fizikia, kemia na baiolojia yote matatu, kila moja lisipungue D, jumla pointi sita. Mwanafunzi wa PCB mwenye B ya baiolojia, C ya kemia na S ya fizikia ana pointi saba na nusu, lakini hawezi kuomba. Mwenzake mwenye D tatu, pointi sita tu, anaruhusiwa kuomba, ingawa ushindani wa nafasi unaweza kumwacha nje.

Anayeikwepa fizikia kwa kuingia CBG, yenye kemia, baiolojia na jiografia, hajaharibikiwa. Kilimo, misitu na mazingira vinamsubiri, na kwa wilaya zinazoishi kwa mahindi na mkonge, hizo si taaluma za kubeza. Tatizo ni pale anapodhani kwamba uuguzi nao umo. Miongozo ya TCU ya miaka ya karibuni imekuwa ikitaka, pamoja na kemia na baiolojia, somo la tatu liwe fizikia, hisabati ya juu au lishe. Jiografia haikuwamo.

Mtego mwingine ni wa kemia. Anayechukua PGM anaweza kuomba uhandisi kwa fizikia na hisabati, lakini baadhi ya vyuo humtaka pia awe na ufaulu wa kemia angalau wa kidato cha nne. Aliyeiacha kidato cha tatu ndipo hukumbushwa. Vivyo hivyo kwa BAM, somo la hisabati ambalo wanafunzi wengi hulihesabu kuwa dogo: baadhi ya shahada za uchumi na kompyuta hulitazama kwa asiyesoma hisabati ya juu.

Mwongozo wa udahili wa TCU hutolewa kila mwaka na hupatikana kwenye tovuti yake, ukiwa na masharti ya kila shahada kwa kila chuo. Wengi huufungua baada ya matokeo ya kidato cha sita. Wakati wake hasa ni kabla ya kuchagua tahasusi, na kwa mzazi mwenye mtoto wa kidato cha pili, ni sasa.

Ada ya kidato cha tano na cha sita katika shule za Serikali ilifutwa kuanzia mwaka wa fedha 2022/23, kwa hiyo hasara ya kukosea siku hizi hupimwa zaidi kwa miaka. Aliyekosa fizikia anaweza kurudia akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, lakini mtihani wa kidato cha sita una sehemu ya vitendo. Atahitaji kituo chenye maabara, na mwalimu wa kumwandaa.