Ustahimilivu au Kujikwamua?

Uwezo wa kuinuka baada ya shida kwa Kiingereza huitwa resilience, neno lenye asili ya Kilatini, resilire, kuruka kurudi nyuma. Wahandisi walilitumia kueleza kitu kinachopindwa kisivunjike, kikiachiwa kikarudia umbo lake. Wanasaikolojia wakalichukua. Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, hadi ukubwani. Kati ya waliokulia katika umaskini na nyumba zenye misukosuko, takriban thuluthi moja walitengenekewa na maisha. Mara nyingi alikuwapo mtu mzima mmoja aliyewashika mkono, akiwa bibi, jirani au mwalimu.

Kiswahili kimezoea kulifasiri kwa ustahimilivu. Katika taarifa za ukame wa Ganze na Magarini, kaunti ya Kilifi, linafaa, sina ugomvi nalo. Ila tutazame mzizi wake. Kustahimili kumetoka Kiarabu, na ni ndugu wa himila na hamali. Hamali hubeba mzigo mpaka mwisho wa safari. Hatumwulizi amejifunza nini njiani.

Sasa twende Mida, kwenye hori lililo karibu na Watamu na Gede, tuwafikirie wanafunzi waliopanda mikoko ikafa. Kila aina ina mahali pake: mlilana husimama mbele, maji yanakoingia kwanza; mchu huweza hata udongo wa chumvi kali upande wa bara. Mlilana ukitiwa penye maji yanayofika kwa nadra, hukauka. Mwanafunzi akiambiwa astahimili tu, msimu ujao atapanda palepale. Anayefundishwa kujikwamua atauliza bamvua hufika wapi, na ni mti gani uliojiotea hapo bila kupandwa.

Kwa darasa, basi, ninapendekeza kujikwamua. Watu wanalo tayari, wanajikwamua kutoka umaskini kila siku, na linakiri wazi kwamba mtu alikwama.

Na kukwama kunaweza kuwa mwanzo wa kujifunza. Manu Kapur, mtafiti aliyefanya majaribio katika shule za Singapore, aliwapa wanafunzi maswali magumu ya hesabu kabla ya kuwafundisha njia. Wengi walishindwa. Baada ya kufundishwa, waliielewa dhana kwa kina kuliko wenzao walioanza kwa kufundishwa. Lakini kushindwa peke yake hakukumfundisha mtu. Mwalimu alirudi kwenye majibu yale mabovu na kuyachambua mbele yao. Shuleni kwetu jambo hilo lina jina la zamani, masahihisho, ingawa mara nyingi huwa ni kunakili jibu la ubaoni kwa kalamu nyekundu.

KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi nchini Kenya, ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na mtaala wa umilisi hautaki mtoto apimwe kwa mtihani mmoja. Hata hivyo neno “ameanguka” lingali midomoni mwetu, wazazi kwa walimu. Tena istilahi ya kujikwamua ina mpaka wake: mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, au anayeshinda na njaa, hakukosea chochote cha kusahihisha. Huyo apewe chakula na nafasi yake darasani.

Mwalimu wa Malindi, wa Kilifi, wa Kaloleni: ukirudisha karatasi za mtihani, tenga kipindi kizima cha masahihisho, na kila mwanafunzi aeleze kwa maneno yake alikwama wapi.